Chai ya Bati

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimefundisha fasihi hapa Kilosa, na kila nilipofika kwenye tanzia nilisimama mbele ya darasa kama mtu mwenye habari njema. Niliwaambia wanafunzi kwamba watu wa kale waliotunga michezo ile ya huzuni hawakuwa na nia ya kumkomoa mtazamaji. Mtazamaji anamwona mtu mkubwa akiangushwa na kosa lake mwenyewe, anamwonea huruma, anaogopa yasije yakamkuta yeye, analia, na akitoka pale moyo wake umesafika. Hilo ndilo takaso, nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa. Walinakili, mtihani ukaja, wakajibu.

Kutoka hapo nilikuwa narukia habari za hasira, kwa sababu mimi ni mtu wa hasira na nilikuwa natafuta pa kuiweka. Nilisoma kwamba wapo wataalamu waliosema ukali wa binadamu hujikusanya ndani kama maji, na usipoufungulia utabomoa ukuta. Niliupenda sana mfano huo. Sisi wa Kilosa hatuhitaji kuelezwa mambo ya maji na ukuta. Mto Mkondoa una tuta lake, na likikatika tunahama na magodoro kichwani. Basi nilifundisha hivyo, na nyumbani kwangu, Magomeni ya hapa hapa Kilosa, niliishi hivyo.

Sikuwahi kumpiga mke wangu. Nalitanguliza hilo kwa sababu ndilo nililokuwa nalitanguliza kila mara, na nilitegemea kupongezwa. Nilikuwa nafoka. Chumvi ikizidi, daftari likipotea, umeme ukikatika nikiwa nasahihisha, nilifoka mpaka majirani wakaacha kazi zao, na mara nyingine kilichokuwa mkononi mwangu kiliishia ukutani. Dakika kumi, basi. Baada ya hapo nilikuwa mwepesi, natania, naagiza chai. Nilijisikia kama mtu aliyetoka kuoga. Maji machafu yalikoelekea sikuuliza.

Mke wangu aliuliza mara moja tu. Nilikuwa namweleza nadharia yangu ya tuta, nimenogewa kwelikweli, naye anachambua mchele. Kwao ni Munisagara, watu wa mashamba ya bondeni. Akasema bila kuinua macho, "Sasa mwalimu, ukishayafungulia, sisi tunaokaa bondeni tunakwenda wapi?" Nikacheka. Nikamwambia mfano ni mfano tu.

Chai yangu nilinywea kikombe cha bati. Wageni na wenyeji wote walipewa vikombe vya udongo vyenye maua. Mimi nilipewa kile cha bati, mdomo wake umebanduka rangi. Nilijivunia kikombe kile. Niliwatambia walimu wenzangu kwamba mke wangu ananijua, anajua napenda chai inayounguza midomo, na kwa kuunguza midomo hakuna kama bati.

Alifariki mwaka juzi kwa presha, tukampeleka kwao Munisagara kumzika. Watani wa ukoo wake wakaja. Mtani msibani ana ruhusa ya karibu kila kitu: anaweza kushuka kaburini akagoma kutoka, anaweza kumwigiza marehemu mbele ya wafiwa, nawe huna haki ya kukasirika. Ukikasirika umejiaibisha. Kazi yake ni kuchanganya kicheko na kilio ili wafiwa wapumue. Hata hilo niliwahi kuliandika ubaoni, kama takaso la kwetu sisi.

Mtani mmoja, mama wa makamo, alitoka ndani amejifunga kanga ya mke wangu, fundo upande wa kushoto kama alivyolifunga mwenyewe. Akajifanya anapika huku akiimba na redio. Watu wakaanza kucheka, maana alikuwa yeye kabisa, hata kile kikohozi chake kifupi. Halafu akanyamaza. Akatega sikio upande wa njia.

"Viatu hivyo!" akanong'ona, na hapo akaanza kukimbia huku na huku. Akazima redio. Akakusanya vikombe vya udongo kimoja kimoja, akavificha chini ya kitanda. Akatafuta cha bati, akakipangusa kwa ncha ya kanga, akakiweka mezani. "Hiki hata kikirushwa hakivunjiki," akawaambia watu. Kisha akaketi, mikono mapajani, akatabasamu. "Karibu mwalimu."

Watu walivunjika mbavu. Wanawake walicheka huku wanajifuta machozi, na ndugu zake waliokuwa wamekauka tangu asubuhi wakalia vizuri kwa mara ya kwanza. Kicheko kikanifikia na mimi. Nilicheka kuliko wote, mpaka nikashika kiti, kwa sababu mtani hakasirikiwi na kwa sababu sikujua uso wangu niufanyeje. Nilichokuwa nakiona ni bati. Miaka yote ile nilikuwa nawatambia watu.

Binti yetu, ambaye ndiye mtoto wetu wa pekee, alikuwa kwenye mkeka pamoja na akina mama. Hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi.

Jioni watu walirudi makwao wepesi, nikaona kwa macho yangu kwamba nilichofundisha ni kweli, kwa watazamaji. Yule ambaye mchezo unamhusu hakuwamo kwenye notisi zangu. Nilirudi Magomeni na mabegi mawili, langu na lake.

Binti anaishi Mikumi. Ana mgahawa kando ya barabara kuu, anawapikia madereva wa malori. Hajakanyaga nyumbani tangu arobaini ya mama yake. Kila Jumapili baada ya ibada ananipigia simu. "Shikamoo baba." "Marahaba mama, hujambo?" "Sijambo. Haya baba." Shikamoo yake haijakosekana hata wiki moja, na baada ya shikamoo hakuna kitu. Kuna Jumapili natamani anitukane.

Siku hizi nikienda shuleni naiacha redio ikiwaka. Nikirudi naburuza viatu makusudi, nakohoa mlangoni, halafu nasimama nisikilize. Haizimwi. Nyumba nzima hakuna wa kuizima, na upweke huo siwezi kumweleza mtu bila kuanza na habari ya kikombe. Nimesoma pia kwamba wapo wataalamu wanaoukataa ule mfano wa maji. Wanasema anayefoka hapunguzi chochote, anafanya mazoezi ya kufoka kesho. Sijafoka tangu msiba, ila sijipi sifa, maana nimfokee nani?

Mwezi uliopita nilipanda gari la Mikumi bila kutoa taarifa. Nilikuwa na jambo moja la kumwambia: kwamba siku ile nilijiona. Niliogopa asije akazeeka akiamini baba yake alicheka kwa kutoelewa.

Nilifika kabla ya chakula cha mchana. Nikiwa bado barabarani niliisikia redio yake, naye anaimba nayo. Nikakanyaga kokoto za mbele ya mgahawa, hatua mbili, tatu. Redio ikazimika. Hodi nilikuwa sijapiga.

"Karibu baba. Shikamoo."

"Marahaba mama. Washa redio."

"Nini baba?"

"Redio. Ulikuwa unaimba. Washa, tafadhali."

Akaiwasha, kwa sauti ya chini. Nikakaa kwenye benchi, nikasema nilichokuja kusema, vibaya, bila mpangilio, mimi ninayewakata wanafunzi maksi kwa insha zisizo na mpangilio. Nikamwambia nilicheka kwa sababu ilikuwa kweli yote, na nikakosa pa kuuweka uso. Alikuwa anakata vitunguu. Hakuacha kukata.

"Sawa baba," akasema. "Nimesikia."

Rafuni nyuma yake palikuwa na vikombe sita vya udongo, vyeupe. Nikaomba chai. Nikajikaza nikasema, "Nipe kwenye kimojawapo cha hivyo."

Akageuka akavitazama. "Vile ni vya wateja, baba," akasema kwa adabu, bila ubaya wowote. Akainama, akatoa cha bati nyuma ya ndoo, akakipangusa kwa ncha ya kanga, akanimiminia.

Nikanywa polepole. Yeye alikaa ng'ambo ya meza, mikono mapajani, macho yake kwenye mikono yangu.