Kijana Niliyemwambia Acheze Vibaya

Kuna Ijumaa moja ya Doha, mwanangu, ambayo nimejaribu kuisahau nikashindwa. Nimesikia umepewa kazi ya kuchagua wachezaji wa timu ya mpira wa magongo hapo kwenye kampuni yenu, ile timu yetu ya zamani inayofufuliwa. Watu wanakupongeza. Mimi sikupongezi bado. Kaa kwanza unisikilize, maana kalamu uliyopewa niliwahi kuishika mimi, na sikuishika vizuri.

Miaka ile uwanja mpya wa ndege ulikuwa haujafunguliwa, na Al Thumama ilikuwa vumbi na kreni. Mimi nilikuwa nahodha, miaka thelathini na kidogo, kifua mbele kama nimeijenga Doha mwenyewe. Kampuni sita zilikuwa na timu, na tulilipwa kucheza. Mchezaji aliyechaguliwa alihamishwa kutoka kwa kafili wake, yaani mwajiri aliyeshika karatasi zake, akapewa kazi ya stoo kwenye kiyoyozi, na alasiri mazoezi. Mtu aliyekuwa akilinda geti juani tangu alfajiri alijua vizuri maana ya jambo hilo.

Uchaguzi ulikuwa mara moja kwa mwaka. Asubuhi vijana walipimwa uwanjani, na baada ya swala ya Ijumaa tulikutana kwenye ukumbi mmoja mtaa wa Abu Hamour. Timu zilichagua kwa zamu, iliyofunga mkia ndiyo ikianza, raundi mbili tu. Manahodha tulikaa kwenye viti vya plastiki, vijana wakasimama ukutani wakisikiliza majina. Kila mmoja alikuja na barua ya ruhusa ya kafili wake, na makafili hawakuwa watu wa kutoa barua hiyo mara mbili. Usipotajwa siku hiyo, khalas, unarudi getini kwako.

Sisi historia yetu ya kuchagua ilikuwa aibu tupu. Mwaka wa kwanza tulimchukua kipa wa Lahore, akadaka kila kitu kwa wiki tatu, kisha akaenda kwao kuoa na hakurudi. Mwaka wa pili tulichukua beki Mganda, mrefu ajabu. Goti lake lilikuwa limekwisha kabla hajapanda ndege, wala hakuna aliyemuuliza. Mwaka wa tatu tuliwaachia wenzetu zamu yetu ya kwanza, nao badala yake wakatupa mshambuliaji mwenye jina kubwa na mvi za kutosha. Ndipo mudiri wetu, yaani meneja wa kampuni, akaniita ofisini akaniambia nikikosea tena, hana haja na timu. Mwaka huo nilikuwa na zamu ya tatu na zamu ya tisa.

Sasa nikuambie habari za Wekesa. Alikuwa mlinzi kwenye geti moja kule Al Thumama, na kwao na kwetu Bungoma ni kuvuka mto tu. Nilimkuta siku moja akipiga makopo kwa ufagio nyuma ya nyumba za wafanyakazi, nikampa gongo langu la zamani. Mpira ukifika kwa kijana yule ulitulia wenyewe. Nikajua nimepata kiungo wa kututosha miaka kumi.

Hapo ndipo ujanja uliponiingia. Nilijiambia, Wekesa hajulikani na mtu hapa. Zamu ya tatu nichukue mshambuliaji, zamu ya tisa nimchukue Wekesa bila jasho. Shida ilikuwa moja tu: asubuhi ile akicheza kama anavyojua, wenzangu wangemwona. Basi nikamwita kando kabla filimbi haijalia.

"Leo cheza vibaya," nikamwambia. "Poteza mipira. Anguka hata. Hao wengine wasikuone, mimi nitakuchukua baadaye."

Akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. "Manze, Kapteni, na usiponichukua?"

"Kwani huniamini? Mimi si ni mtu wa kwenu?"

"Nakuamini," akasema. "Ni vile tu hii barua bosi alisema hatapeana ingine."

Nikampiga bega. Hiyo ndiyo dhamana yangu yote niliyompa, mwanangu, kofi la bega.

Na alicheza vibaya! Alikosa mipira ambayo hata wewe usingeikosa. Aliteleza, akapitwa, akachekwa na watu waliokuwa hawajui kushika gongo. Nami nilikaa pembeni nimefurahi, najiona mwerevu kuliko manahodha wote.

Ukumbini mambo yalikwenda nilivyopanga. Zamu ya tatu nikamchukua mshambuliaji wangu. Ilipofika ya tisa, nikainua macho, nikaona mfungaji mmoja kutoka Sialkot bado yuko ukutani. Sote tulidhani angechukuliwa mapema. Sijui kwa nini walimruka. Nilimwona mudiri amekaa nyuma, nikaona mabao, nikaona kombe, nikajiambia Wekesa hatatakwa na mtu yeyote baada ya vituko vya asubuhi, nitamtafutia njia nyingine. Nikalitaja jina la yule mfungaji.

Zilibaki zamu tatu. Nikaomba Mungu mmoja wa wale wenzangu amtaje Wekesa. Hebu fikiria: mtu niliyemficha wasimwone, sasa naomba wamwone. Hawakumtaja. Nani angemtaja?

Vijana walipokuwa wakitoka, akanijia na lile gongo. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Shika gongo lako, Kapteni," akasema. "Lakini si nilicheza vibaya vizuri?"

Dereva wa basi letu alikuwa Mzee Kasimu, Mganda wa Jinja aliyekaa Ghuba miaka mingi. Alikuwa amesimama mlangoni, akatusikia. Tulipofika mtaa wa Fereej Bin Mahmoud wenzangu wakashuka, akaniambia nibaki.

"Wewe leo umechagua watatu," akasema. "Wawili umewataja. Wa tatu ulimchagua wewe, akakutii, ukamtupa. Mimi sina gongo, sijui mpira. Lakini yule mtoto alikuwa na siku moja tu, na siku yenyewe ndiyo hiyo umemlia."

Nikaanza kumweleza habari za mudiri na za kombe. Akawasha injini nikiwa bado naongea.

Yule mfungaji wa Sialkot alitufungia mabao manne, kisha akapata kazi nzuri Dubai akaondoka. Kombe sikuliona. Baada ya misimu miwili mudiri alivunja timu. Lakini kabla haijavunjwa, njia ya mazoezini ilipita kwenye geti la Wekesa, na kila wiki ni yeye aliyetuinulia kizuizi. Jua limemchoma, buti limejaa vumbi. Aliwasalimia wote kwa majina. Mimi aliniambia, "Karibu, Kapteni." Ningependa hata hapo angenitukana.

Kuna jambo lingine nililijua nikalinyamazia. Nahodha wa timu iliyochagua kwanza aliniambia huku akicheka kwamba alimfahamu Wekesa tangu mashindano ya shule nyumbani. Alikuwa ameliandika jina lake juu kabisa ya karatasi, akalifuta baada ya kumwona asubuhi ile.

Mkataba wa Wekesa ulipokwisha alirudi nyumbani. Miaka ikapita, na mimi nikarudi. Nilikwenda kwake kuomba radhi, nikamkuta anauza mbolea, mwili umemnenepa. Akanipa kiti na chai. Akasema alinisamehe zamani.

"Ila nimekuwa nikijiuliza kitu kimoja, Kapteni. Ningecheza kawaida ile siku, kuna mtu angenichukua?"

Ningeweza kudanganya. Nimedanganya kwa mambo madogo kuliko hilo. "Wa kwanza," nikamwambia. "Ulikuwa wa kwanza kwenye karatasi yao."

Akatikisa kichwa polepole, akaingia ndani, na chai yangu niliimaliza peke yangu.

Basi, mwanangu, uliza magoti, uliza ndoa, na zamu yako usimpe mtu. Hayo utajifunza haraka. Lakini usimwambie mtu ajifiche kwa ahadi yako. Ukimtaka, mtaje mapema, mbele ya watu, hata ikikugharimu kombe. Na siku ambayo wewe ndiye utakayesimama ukutani, cheza yote uliyonayo, hata kama anayekuambia usicheze ni mimi.

Mungu akupe jicho la kuwaona watu na ulimi wa kuwataja kwa wakati. Awape siku nyingine wale watakaorudi getini bila kutajwa. Na akukinge, mwanangu, usije ukaulizwa swali lile na mtu aliyekuamini.