Gari kwa Gari

Nilipotoka eda nilikuta gari la mume wangu limeshika vumbi hata rangi yake ya samawati haionekani. Lilikuwa limesimama nje ya nyumba yetu kule Tudor miezi minne na siku kumi, na paka wa jirani alikuwa amezalia chini yake. Nilichukua ndoo na kitambaa nikaliosha. Si kwamba nilitaka kuliosha. Niliamka, sikuwa na la kufanya, na ndoo ilikuwa karibu.

Lilikuwa gari la Kimarekani, la milango miwili, pana, boneti yake ndefu kuliko kitanda. Usukani ulikuwa upande wa kushoto, na injini yake ya silinda nane ilinguruma hata mama yangu, alipokuja kututembelea, akiwa jikoni alijua mkwewe ameshaingia mtaani. Mume wangu alilinunua kwa mhandisi mgeni aliyemaliza kazi bandarini akarudi kwao. Yeye mwenyewe alikuwa mwendesha winchi huko huko bandarini. Alianguka kazini asubuhi moja, na kabla ya adhuhuri tukaambiwa moyo umesimama. Mirathi ilipogawanywa, gari liliangukia fungu langu, wala hakuna aliyeteta.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kuendesha nilijua, yeye ndiye aliyenifunza. Lakini alikuwa mrefu, na kiti cha dereva alikuwa amekisukuma nyuma mpaka mwisho. Nilipoanza kwenda nalo shuleni miguu yangu haikufika. Badala ya kukivuta kiti, niliweka mito miwili mgongoni, mmoja wa sebuleni na mmoja wa kitandani. Mama, aliyekuwa amehamia kwangu tangu msiba, aliniona.

"Kwani hicho kiti hakivutiki?"

"Chavutika."

"Basi?"

Niliipanga mito upya. Aliingia ndani, akatoka na mto wa tatu.

Watu walinisifu kwa subira. Haikuwa subira. Nilisahihisha madaftari, nilipika, niliitikia salamu, na yote hayo niliyafanya kama anayetazama mtu mwingine akiyafanya. Wenzangu wakicheka katika chumba cha walimu, nami nilicheka, nikichelewa kidogo, baada ya kuona wengine wameanza. Nilikuwa naonja mchuzi nisijue kama umekolea chumvi. Usiku nililala vizuri. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi, kwamba nililala vizuri.

Fundi aliyelitengeneza gari lile alikuwa mtu wa Rabai, na gereji yake ilikuwa Majengo, kiwanja kidogo kilichozungushiwa mabati. Siku moja nilimpelekea gari lililokuwa likitoa moshi. Alipomaliza, alipangusa mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Dada, kuna mzee mmoja wa Mji wa Kale," alisema. "Ana gari la Kijerumani. La zamani kuliko hili lako, yapata miaka kumi. Lakini lina turbo."

"Turbo ni nini?"

"Mtambo mdogo wa kuipulizia injini hewa. Injini ndogo, lakini ikishapata pumzi, utaipenda." Alinitazama, akaona sijashtuka wala kufurahi. "Yeye ataka hili lako. Gari kwa gari, bila mtu kumwongezea mwenzake."

"Kwa nini alitake hili?"

"Mwenyewe atakwambia. Nenda ukalione tu. Kuliona si kulichukua."

Nilimwambia nitafikiri. Kwa kweli sikufikiri. Nilimtajia shemeji yangu, ndugu mdogo wa marehemu, kwa kuwa ndiye aliyekuja kututazama kila Jumapili. Alikiweka kikombe chini.

"Utampa mtu gari la ndugu yangu?"

"Sijasema nitampa."

"Na uchukue lililo kuukuu kuliko hili? Hata ungetaka kuliuza ningeelewa. Lakini kubadilisha? Kwa mkebe wa mtu?"

"Sijui, shemeji."

"Wewe siku hizi kila kitu hujui."

Alisema kweli, nami sikuudhika. Mama ndiye aliyeudhika. Alimwondolea kikombe mbele yake kabla hajamaliza chai.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda. Gari langu lilivyo pana, sikuthubutu kuliingiza vichochoro vya Mji wa Kale. Nililiacha kwenye uwanja wa Ngome, ile kongwe ya baharini, nikatembea. Fundi alinielekeza nyumba ya mlango wa kuchonga uliofifia, na pembeni yake banda lililofungwa kwa kufuli mbili. Nilipiga hodi. Akafungua mwanamke mtu mzima, mwembamba, kanga moja kichwani na nyingine kiunoni.

"Karibu, mwanangu. Wewe ndiwe mwenye gari? Pole kwa yaliyokufika. Mungu amrehemu."

"Amin. Tushapoa, Bi mkubwa."

Alinikalisha ukumbini, akaniletea kahawa, na kabla sijainywa akainama karibu yangu, akashusha sauti.

"Yuko juu. Atashuka sasa, amesikia sauti yako. Nataka nikwambie kabla hajafika. Mwaka jana alipata kiharusi. Mkono umerudi, ulimi umerudi, lakini mguu wa kushoto umekataa. Gari lake lile lataka miguu miwili, kuna klachi. Lako twaambiwa ni otomatiki."

"Ndiyo, ni otomatiki."

"Mguu mmoja watosha?"

"Watosha. Wa kulia."

Alifumba macho kidogo. "Miezi tisa sasa hajatoka nje ya mlango huo ila kwenda hospitali. Msikiti u pale, ukirusha jiwe lafika, naye haendi. Asema hataki kubebwa na watu. Watoto wetu wote wako Maskati, wamwambia kwa simu auze gari apumzike. Apumzike na nini?" Akasikiliza ngazi. "Usimwonee huruma lakini. Akiona huruma atakataa."

Nilitaka kumwambia kwamba huruma sina, si kwake wala kwa mtu yeyote, na kwamba kwa hilo asitie shaka. Nikanywa kahawa.

Mzee alishuka ngazi kwa makalio, kidato kwa kidato, mkongojo mapajani. Mkewe hakumwangalia, akajishughulisha na vikombe. Mzee alipofika chini alisimama, akanyoosha kanzu, ndipo akanisalimu kana kwamba ameingia sasa hivi kwa mlango. Familia yao ilikuja kutoka Hadhramaut zamani za babu wa babu yake, na duka lao la vitambaa ndilo lililomsomesha, lakini yeye, alivyoniambia mwenyewe, alipenda vyuma.

"Njoo ulione, mwanangu. Na nitakwambia ubaya wake kwanza, uzuri wake utauona mwenyewe."

Mkewe alifungua kufuli. Lilikuwa gari dogo, la rangi ya chungwa iliyopauka, limekaa chini chini. Ndani kulinuka ngozi na mafuta.

"Kwanza," mzee alisema, akihesabu kwa vidole, "vipuri hakuna. Utaagiza, utangoja. Pili, mvua ikinyesha usilikate kona kwa haraka, nyuma huteleza. Tatu, ndilo kubwa. Ukikanyaga mafuta halijibu papo hapo. Utadhani limekufa. Utakanyaga zaidi. Usikanyage zaidi. Ngoja. Turbo ikishazunguka litakuja lote kwa mara moja."

"Nami nitajuaje limekuja?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Utajua. Nipe mkono, twende."

Alijiingiza kwenye kiti cha abiria, kisha akaushika mguu wake wa kushoto kwa mikono miwili, akauinua na kuuweka ndani kama mtu anayepakia mzigo. Niliutazama mguu ule. Naye aliniona nikiutazama.

"Huu haunisumbui," alisema. "Hauumi hata kidogo. Daktari hunichoma sindano, nami natazama dirishani."

Nikawasha gari.

Mwanzo niliendesha vibaya. Usukani ulikuwa kulia, nami nilikuwa nimezoea kushoto, na klachi sikuwa nimeigusa tangu mtihani wa leseni. Nilikaribia mno kuta za Ndia Kuu, na mwenye duka mmoja aliingiza kiti chake ndani haraka. Watu kwenye baraza walisimama walipomwona dirishani. Mmoja aliita, "Ami! U mzima?" naye akainua mkono bila kugeuka, lakini niliona akiinyoosha kofia iliyokuwa imekaa sawa. Nilitazama mbele. Tukatokea kwenye barabara kuu, tukafuata njia ya pwani inayozunguka upande wa bahari, pale penye mibuyu na nafasi. Barabara ilikuwa tupu.

"Gia ya tatu," alisema. "Sasa kanyaga."

Nikakanyaga. Hakikutokea kitu. Injini iliimba tu, kwa upole, na gari likaendelea kama lilivyokuwa likienda.

"Ngoja," alisema.

Ukatoka mluzi mwembamba mbele ya miguu yangu, ukapanda, kisha mgongo wangu ukabanwa kitini na mibuyu ikaanza kutujia. Nilipiga ukelele. Nilimwita mama yangu. Nilisikia sauti hiyo na kwa muda mfupi sikutambua ni ya nani, kisha nikauondoa mguu, gari likapoa, nikaliegesha pembeni.

"Umeogopa?"

"Sijui, Ami."

"Umeogopa," alisema kwa utulivu. "Si vibaya."

Nikaketi pale. Nilijichunguza, kama mtu anayepapasa mfukoni, nione kama kile kitu kilichotokea bado kipo. Kilikuwa kimeshakwenda. Lakini nilikuwa nimeogopa, hilo sikuweza kulikana. Mwili wangu ulikuwa umetaka kuishi, bila kuniuliza.

Tulirudi mpaka karibu na Ngome, nilikoliacha gari langu. Mkewe alikuwa ameshakuja kwa miguu kutungoja, na fundi naye, kama tulivyoagana, alikuwa ameshafika kutoka Majengo, amekaa juu ya ukuta mdogo akitafuna njugu. Mzee alilizunguka gari la mume wangu mara moja, akigusa boneti kwa ncha ya mkongojo. Akafungua mlango wa dereva. Akaitoa mito mitatu, mmoja mmoja, akampa mkewe bila kuuliza. Kisha akaketi, na miguu yake, naye alikuwa mfupi kuliko mimi, ikabaki hewani. Akainama, akashika chuma kilicho chini ya kiti, akavuta.

Kiti kilikuwa kimekaa muda mrefu mahali pamoja. Kilikwaruza, kikaruka, kikaenda mbele.

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mlango. Nilijua ni nini kilichofanyika. Miezi yote ile nilikuwa nimekilinda kiti kile, na sasa mtu amekivuta kwa sekunde moja, hata haelewi. Nilingoja maumivu. Nilingoja kwa dhati, nikiwa nimejishika kwenye mlango ili nisianguke. Magari yalipita. Mtu alikuwa akiuza maji ya ukwaju, akipiga kengele yake. Hakuna kilichokuja.

Bi mkubwa, na mito yangu kifuani, alikuwa akinitazama mimi, si mumewe.

"Mwanangu," alisema polepole, "tukirudishe?"

"Hapana," nilisema. "Kishavutwa."

Mzee aliwasha injini. Ngurumo ile ikajaa uwanja wote, watu wakageuka. Alikwenda mbele hatua chache, akasimama, akarudi nyuma, akasimama. Mguu mmoja tu. Alizima, akabaki ameshika usukani kwa mikono yote miwili. Alikuwa analia bila sauti, na mkewe akageukia bahari ili asimwone. Mimi ndiye niliyemtazama. Nilimtazama kama mtoto anavyotazama mtu akifanya kazi asiyoijua.

"Lichukue, Ami," nilisema.

"Usiseme sasa. Nenda ukalale, uje kesho."

"Hata kesho nitasema hivyo hivyo."

Sikuwa na uhakika. Lakini mimi nilikuwa na gari ambalo sikuweza kulikalia bila mito, naye alikuwa na gari asiloweza kulikanyagia klachi, na hilo nililielewa hata kwa jinsi kichwa changu kilivyokuwa wakati ule. Hakuna hisia iliyohitajika. Tulikubaliana Jumatatu, fundi akiwa shahidi, tukabadilishana vitabu vya umiliki wa magari.

Shemeji hakuja Jumapili mbili. Ya tatu alikuja, akalizunguka lile gari la chungwa, mikono nyuma.

"Ndilo hili?"

"Ndilo."

"Ndugu yangu angalicheka."

"Angalicheka," nilikubali, na tukaingia ndani kunywa chai.

Lilinisumbua kama nilivyoambiwa. Mara mbili nililiacha Majengo kwa majuma, nikaenda shuleni kwa miguu. Mvua za kwanza lilinizungusha karibu na Makupa nikaelekea nilikotoka, na polisi akanikaripia kwa kuwa hakupata kosa la kuniandikia. Wanafunzi walijifunza kuuiga ule mluzi. Nilikuwa nikipita korido, nausikia darasani, ukipanda, kisha kimya nikifika mlangoni.

Siku moja asubuhi, miezi mingi baadaye, nilikuwa kwenye foleni ya petroli nikasikia ngurumo nyuma yangu. Mzee alikuwa amevaa kofia mpya. Mkewe alikuwa kando yake, wakizozana juu ya dirisha, yeye alitaka lifungwe, bwana alitaka liwe wazi.

"Waambaje, mwanangu?" aliniita. "Linakusumbua?"

"Mno, Ami. Jana limekataa kuwaka."

"Hili lako nalo lanisumbua. Lanywa petroli kama ngamia. Tumekwenda Malindi jana, tumerudi bila hata ya kununua samaki."

"Amekataa kusimama," mkewe alisema. "Njia nzima. Nimemwambia nataka maji, asema nisubiri tufike."

Nilicheka. Mwenye pampu aliponigusa bega kuniambia zamu yangu imefika, ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa wa kwanza kucheka.