Jina Chini ya Twiga

Binti yangu Kavindu hutengeneza filamu. Alianza kwa kupiga video za harusi mjini Machakos, akajinunulia kamera iliyotumika, na sasa anatengeneza filamu zake mwenyewe, kuhusu nani ana sauti nyumbani na nani hana. Nilipinga sana. Leo namshukuru, na sioni haya kusema.

Mimi ni mchongaji hapa Wamunyu. Kwetu wanaume huchonga, wanawake hupiga msasa na kung'arisha, kisha mwanamume huandika jina lake chini ya kinyago. Hivyo ndivyo nilivyokuta. Mke wangu Mbula amenipigia msasa miaka ishirini na tisa.

Kavindu aliweka kamera kwenye karakana yangu, akaniuliza kazi ya mama yake ni ipi.

"Hiyo ni kazi kidogo tu. Hata mimi naweza."

"Haya Baba, fanya tuone."

Kiburi kikanipanda. Nikachukua msasa mkali kuliko yote, nikausugua kwenye shingo ya twiga niliyemchonga, kwa kukata nyuzi za mti badala ya kuzifuata. Dakika mbili tu, shingo ikawa kama imeparuliwa na paka. Mbula akaninyang'anya, akaanza kuiponya. Kamera iliona yote.

Nilimsihi Kavindu akitoe kipande kile. Filamu ingeonyeshwa ukumbi wa kanisa, mbele ya wachongaji wote! Ningekuwa kichekesho.

"Mama akisema nitoe, nitatoa," akajibu. "Hiyo shingo ni yeye aliyeiokoa. Muulize."

Ndoa nzima sikuwahi kumwomba Mbula ruhusa ya jambo lolote. Nilimkuta akichambua maharagwe, nikamuuliza kama kipande kile kitolewe. Akatupa punje mbovu.

"Wacha kikae," akasema.

Kikakaa. Jumapili baada ya ibada, filamu ilipoonyeshwa ukutani, wanawake walinicheka mpaka wakashikana mabega. Lakini Mbula alipoanza kusugua pale ukutani, watu wakasimama kumpigia makofi. Nami nilisimama. Nilifurahi kuliko nilivyoaibika.

Nyumbani nikamletea twiga yule, tayari ana jina langu, pamoja na patasi.

"Mama Kavindu, andika jina lako kando ya langu."

Akamgeuza. Jina langu lilikuwa limejaa kitako kizima. Akachukua msasa, akalisugua likaisha, akachonga MBULA katikati, herufi zimepinda. Akanirudishia patasi.

"Sasa wewe tafuta kona."

Nikatafuta, na nafasi ilikuwepo.