Damu Moja na Ansbert

Melkiori alisimama kwenye dirisha la duka la dawa, karibu na Mnazi Mmoja, akamwambia muuzaji kwamba mkono bado unamuuma. Mkono ulishapona. Uongo ulimtoka laini, hata mate hakumeza, na hapo ndipo alipoogopa. Uongo uleule, kwa sauti ileile, alikuwa ameusikia mara nyingi mdomoni mwa pacha wake, Ansbert.

Walifanana kama shilingi kwa ya pili. Mama yao alipofariki wangali wadogo, mama mdogo alimchukua Melkiori akamlea Rombo. Ansbert akabaki Ilala na baba, mlevi wa gongo, katika nyumba ambayo chumba cha pili alipanga muuza bangi. Alianza kwa kumalizia vikombe vya baba. Ikafuata bangi, vidonge vya usingizi, unga, na mwisho akawa anachanganya chochote kilichopatikana. Melkiori aliporudi Dar kuuza vitambaa Kariakoo, watu walimkaba wakidhani ni yule teja aliyewaibia.

"Siyo mimi," alizoea kusema. "Mimi ni yule mwingine."

Alilipenda neno hilo.

Kisha akadondoka kwenye ngazi stoo, akiteremsha majora ya vitenge, mkono ukavunjika. Hospitali walimpa vidonge vikali. Cha kwanza kiliondoa maumivu, kikaondoa na wasiwasi aliokuwa nao tangu utotoni, kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani. Vilipokwisha akaanza kuvitafuta madukani. Akagundua pia kwamba vikifuatiwa na bia vinakolea zaidi.

Siku ile, aliondoka dirishani, pakiti ya vidonge ikiwa mkononi. Hakumeza, wala hakuthubutu kuvitupa. Alikwenda hospitali ambako Ansbert hunywa methadoni kila asubuhi, dawa ya kumtoa kwenye unga. Alimkuta kwenye benchi.

"Pacha! Kuna msiba?"

Melkiori akafungua kiganja. Ansbert akaangalia pakiti, uso ukabadilika.

"Umeshachanganya na kitu?"

"Bia."

"Mungu wangu." Ansbert akajisogeza hadi mwisho wa benchi. "Iondoe hapa. Mpe sista, sasa hivi, kabla sijakuomba."

Muuguzi, Sista Anifa, aliipokea bila kugomba. Melkiori akamuuliza: "Sista, sisi ni mapacha wa kufanana. Basi na mimi ndiyo nimekwisha? Hali hii iko kwenye damu?"

"Sehemu iko kwenye damu, sikufichi. Kuna miili inashikwa upesi, iwe pombe, iwe vidonge, iwe unga. Lakini mwenzio alikulia ndani ya moshi na gongo. Wewe hukukulia humo. Damu hatuwezi kuibadilisha, ila unakaa wapi, na nani, na nini kiko kabatini, hayo tunayaweza. Uje kila wiki. Na nyumbani umwambie mtu."

Alimwambia mkewe, Benedikta, akiwa anachambua mchele. Mkono wa Benedikta ukasimama juu ya ungo.

"Na watoto, baba Evelyn?"

Hofu ile aliyoibeba tangu asubuhi ikapata jina.

Siku zilizofuata alitoka jasho, akatapika, akamkaripia kila mteja dukani. Benedikta aliondoa bia zote nyumbani. Alipokwenda kliniki kwa Sista Anifa, mkewe alikwenda naye. Pole pole hamu ikapungua, ingawa mpaka leo akiliona duka la dawa huvuka barabara.

Binti yao Evelyn alipoingia kidato cha kwanza, walimkalisha wakamweleza kuhusu babu, baba mkubwa Ansbert na vidonge vya baba yake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mimi ninayo damu hiyo?"

Melkiori alitamani kusema hapana.

"Huenda, mwanangu. Ndiyo maana tunakwambia sasa, kabla hujapewa chochote na mtu."

Evelyn akauliza kama baba mkubwa anaweza kuja kula Jumapili. Ansbert alikuja, kashika mfuko wa machungwa. Melkiori alimfungulia mlango, akaupokea mfuko, akamkaribisha mezani.