Mwenye Gari Asimame Hapa

Rimoti ya gari lako ikikufia ukiwa Mtwara, usihangaike. Fika Rahaleo, mtaje Riziki wa funguo, hata muuza vitumbua atakunyooshea kidole. Wenye V8 na Vogue, wale wasioshusha vioo kumsalimia mtu, kwake wanashuka wenyewe na kukaa kwenye benchi la mbao, wakisubiri zamu kama sisi wengine. Juu ya dirisha la kibanda chake kuna maandishi ya rangi nyekundu: MWENYE GARI ASIMAME HAPA. Ndilo sharti lake, na halina mjomba wala shemeji.

Mimi naitwa Jafari, ni dereva. Nimeendesha magari ya watu tangu ndevu hazijanitoka, na nina kasoro moja ambayo mke wangu Farida amechoka kuisema: hasira zangu zinakaa karibu na mdomo. Nasimulia habari za Riziki kwa sababu nilimtukana nikiwa Msimbati, bahari ikinijia miguuni, na tangu siku ile sipiti Rahaleo bila kumwombea dua.

Riziki ni mtoto wa kijiji cha Nanguruwe, wa wazazi wa korosho na mihogo. Baba yake alitaka ajifunze cherehani. Yeye akafungua redio ya baba, akaifunga, ikawa inashika stesheni nyingi kuliko mwanzo, na habari ya cherehani ikaishia hapo. Alikuja mjini kwa mama yake mdogo, Magomeni ya hapa hapa Mtwara, akawa anatengeneza simu. Kisha zikaja zile siku za gesi, mji ukajaa magari makubwa yasiyochomekwa ufunguo. Bwana mmoja akamletea rimoti iliyofuliwa pamoja na suruali, akimwomba ajaribu tu. Riziki akaifungua, akakuta ndani ni vitu anavyovijua. Akaisafisha, ikafanya kazi.

Baada ya hapo alikwenda Dar, akakaa na fundi mmoja wa mtaa wa Gerezani mpaka akaiva, akarudi na kompyuta na mashine inayochomekwa chini ya usukani, ile inayozungumza na gari. Watu walimcheka. Mwanamke na magari wapi na wapi? Wakacheka wee, halafu wakamletea rimoti zao.

Kuna kitu anachofanya ambacho sijaona kwa fundi mwingine. Akipewa rimoti, kabla hajaifungua anainusa. Atakwambia hii imeingia maji ya chumvi, hii imelala kwenye ndoo ya sabuni, hii mtoto ameitafuna. Msimu wa korosho anapata wateja wengi zaidi, kwa sababu mafuta ya ganda la korosho yanakula vitufe kama yanavyokula vidole. Wanunuzi wanashika magunia, wanashika rimoti, baada ya wiki kitufe kimegeuka ugali.

Lile sharti lake lilimtoka kwenye uchungu. Siku za mwanzo alimtengenezea bwana mmoja mstaarabu ufunguo wa gari ambalo, kumbe, lilikuwa la mwanamke waliyeachana naye. Yule mama aliamka akakuta uwanja mtupu. Alikuja kibandani kwa Riziki, hakufoka, alikaa kwenye benchi akalia mpaka adhana ya adhuhuri. Kesho yake Riziki akanunua rangi nyekundu.

Sasa njoo kwenye kisa changu. Tajiri yangu ni Maryambai, mjane wa Abdulrasul, mwenye duka Mikindani. Gari ni V8 nyeupe aliyoinunua marehemu, na mama yule hajakubali hata tasbihi ya mumewe iondolewe pale inaponing'inia kwenye kioo. Mwenyewe hajui kuendesha. Jioni namrudishia rimoti dukani, asubuhi ananipa, na siku zote naambiwa neno moja: taratibu.

Binti ya kaka yangu alikuwa ametolewa unyagoni, na kungwi wake alikuwa shangazi yetu Bi Mwajuma, anayekaa ng'ambo, upande wa Msumbiji. Ukoo wetu uko kingo zote mbili za Ruvuma. Shughuli ilipokwisha ikabidi arudishwe Msimbati akapande mashua, na alikuwa na mizigo ya zawadi: mchele, vitenge, mkeka, kuku wawili. Maryambai aliposikia, akasema mzee wa watu asihangaishwe kwa bodaboda, nimpeleke kwa gari. Alinipa kwa moyo wake, sikumwomba. Nikaapa kwamba magharibi haitanikuta njiani.

Waliofika Msimbati wanajua kwamba maji yakitoka, mchanga unakuwa mgumu na magari yanapita ufukweni kama barabarani. Mashua ilikuwa imesimama mbali, nikateremka nayo V8 mpaka karibu na maji. Injini sikuizima, ili kipupwe kiendelee na kuku wa shangazi wasife kwa joto. Mkono mmoja nina gunia, mwingine nina mkeka, na rimoti inaning'inia kidoleni. Nikamwambia, "Shangazi, hebu nishikie hii."

Hapo ndipo nilipoharibu. Kwetu, kinachotiwa mkononi mwa kungwi siku ya kumuaga ni shukrani, na shukrani haidaiwi. Tangu asubuhi watu walikuwa wakimtia vitu mkononi, naye akivifunga kwenye pindo la kanga. Akaipokea rimoti kwa mikono miwili, akaniombea heri, akaifunga pindoni pamoja na zawadi nyingine. Nilimwona kwa macho yangu haya mawili. Lakini watu walikuwa wanalia, kuku wanapiga kelele, nahodha anahimiza, wala sikuwaza kitu. Mashua ikaondoka.

Nikarudi kwenye gari, nikakuta linalia pii, pii, pii. Magari haya ukishayawasha, hata rimoti ikienda Masasi, injini itaendelea kunguruma, ila yanakulilia kwamba mwenzao haonekani. Mimi nikaona linanipigia kelele tu. Nikabonyeza kitufe, nikalizima ili linyamaze. Likanyamaza kweli. Nikajipapasa mifuko, na hapo akili ikanirudi. Mashua ilikuwa imeshakuwa kitone, na simu ya shangazi akishavuka haipatikani.

Zuberi, mvuvi wa pale, alikuja na wenzake tukasukuma. Wapi! Gia imejifunga, matairi yameanza kuzama. Zuberi akaangalia bahari, akaniambia bila kunificha kwamba siku ile ni bamvua, bahari inajaa kuliko siku zote, na maji yatafika kwenye miti ya mivinje. Mivinje ilikuwa nyuma yetu, juu kabisa.

Nikampigia Riziki. Nilimweleza yote, nikamwomba apande chochote aje. Akauliza gari la nani. Nikasema la tajiri yangu. Akauliza kama mwenyewe anajua. Nikasema hajui, na asijue, maana akijua nimekwisha; nitalitoa, nitaliosha, litafika Mikindani likiwa kavu na hakuna atakayeuliza. Kisha akasema, "Kaka Jafari, gari sigusi mwenyewe hayupo. Na mficha uchi hazai."

Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika, kwa kuwa binti yangu anasoma. Akakata simu.

Basi nikakaa juu ya mchanga nikiangalia maji. Kwanza nilikuwa na hasira naye, nikiona mwanamke gani huyu mwenye moyo wa jiwe, gari linazama yeye anashika sheria. Hasira ilipoisha ikaja hofu. Kazi ningepoteza, sawa, dereva hakosi usukani. Kilichonikata maini ni yule mama. Mumewe hayupo, na kilichobaki chenye harufu yake ni lile gari, akanipa nimbebee shangazi yangu, na mimi nalilisha bahari. Wimbi la kwanza lilipogusa tairi la mbele nilifungua mlango, nikaichomoa ile tasbihi kiooni, nikaitia mfukoni. Nilijisemea kwamba angalau hii nitampelekea.

Maji yalikuwa yameshazunguka matairi yote manne niliposikia gari juu kwenye mivinje. Ilikuwa Noah ya kukodi. Akashuka Riziki na begi lake mgongoni. Nyuma yake, akishika baibui lisiburuze mchangani, akashuka Maryambai. Kumbe Riziki alipokata simu alikwenda Mikindani kwanza, ndipo akaja huku. Niliomba ardhi ipasuke.

Mama yule alishuka mpaka kwenye maji na kandambili zake. Alilitazama gari, akanitazama mimi. Nilingoja kilio, au tusi, chochote kile.

"Ahsante kwa kuniita, Jafari," alisema. "Mwingine angenificha."

Nikamgeukia Riziki. Yeye alikuwa ameshajikunja chini ya usukani anachomeka mashine, mgongo kwetu. Nikaelewa. Alikuwa amemwambia mama kwamba mimi ndiye niliyetaka aje. Nilimtukana, naye akapita njia nzima ya Mikindani akinisitiri. Sijui kama umewahi kutendewa wema na mtu uliyemkosea saa hiyo hiyo, jasho la matusi halijakukauka. Unauma.

Ningeweza kunyamaza. Mlango ulikuwa wazi, ningepita nikiwa mtu mwema, kimya kimya. Lakini mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeishika ile tasbihi, na ulimi ukakataa.

"Mama, mimi sikukuita," nikasema. "Nilimkataza asikwambie."

Maryambai akaitikia kwa kichwa. Akasema anajua, kwa sababu Riziki amemtengenezea simu tangu zile siku za Magomeni, na akidanganya huwa anaongea Kiswahili cha taarifa ya habari. Kule chini ya usukani mtu akakohoa.

Kisha Riziki akatoka, akasimama mbele ya mama kwenye maji yanayofika ugokoni, akamuuliza kama anavyowauliza wote pale kibandani: gari hili ni lako, na unataka nikuandikie ufunguo mpya? Mama akasema ndiyo, akatoa kadi ya gari mkobani. Riziki akamweleza kwamba akiandika mpya ule wa zamani unafutika, hata ukirudi kutoka ng'ambo hautawasha kitu. Nikaona mama amesita. Ule wa zamani ulikuwa umeshikwa na marehemu miaka yote. Wimbi likaja, likampiga magotini.

"Andika," akasema.

Hapo nikajifunza kwamba kompyuta ya gari haiharakishwi. Ina muda wake wa kukubali kusahau ufunguo mmoja na kuujua mwingine, na hata kama bahari imefika mlangoni, itangoja muda huo. Riziki alikaa kwenye kiti cha dereva, kompyuta mapajani, midomo ikisoma dua. Zuberi na wenzake walichimbua mchanga mbele ya matairi na kutandika makuti. Mimi nilichimba kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu. Maryambai alikataa kupanda juu. Alisimama pale pale, mkono mmoja juu ya boneti, kama anayemtuliza mgonjwa.

Taa za dashibodi zikawaka. Riziki akaniita, akanipisha kitini, akaniambia nibonyeze. Nikabonyeza. Gari likanguruma.

Nililipandisha kwenye makuti, likateleza, likashika, likapanda mpaka kwenye mivinje huku maji yakimwagika chini yake. Nikaegemeza kichwa kwenye usukani nikalia, mtu mzima mimi, na sikuona haya. Nilimshukuru Mungu, nikawashukuru wavuvi wale mmoja mmoja kwa majina yao. Tasbihi nikairudisha mikononi mwa mama. Aliibusu, akaitundika kiooni mwenyewe.

Riziki huandika funguo mbili kila mara, kwa sababu, anasema, mwenye mmoja hana. Mmoja Maryambai aliutia mkobani. Wa pili akaninyooshea mimi. Nikamwambia nitaurudisha jioni tukifika. Akasema, "Huo ukae kwako. Hata usiku." Mpaka leo uko nyumbani kwangu, Farida anauweka kabatini pamoja na cheti chetu cha ndoa.

Wa zamani uko ng'ambo. Shangazi alipopata mtandao alipiga simu kushukuru kwa zawadi, akasema hajawahi kupewa kitu kizuri namna ile na wenzake wote wanamwonea wivu. Sikuwa na moyo wa kumwambia. Nikamwambia Maryambai nikiwa na wasiwasi, naye akasema basi umepata mahali pazuri pa kupumzika.

Jumatatu yake nilikwenda Rahaleo kuomba radhi. Riziki alikuwa ananusa rimoti ya mteja. Nikamwambia yale maneno ya kwenye simu yananichoma, na kinachonichoma zaidi ni kwamba nilimtukana naye akaenda kunidanganyia kwa tajiri yangu nionekane mtu.

Akaiweka rimoti chini.

"Sikudanganya, kaka Jafari," alisema. "Sharti langu unalijua, limeandikwa hapo juu. Mjini hapa kuna mafundi wawili watatu wasiouliza gari la nani. Wangekuja mbio, na mama asingejua kitu. Mbona hukuwapigia wao?"

Namba zao ninazo. Hata siku ile pale ufukweni zilikuwemo kwenye simu yangu.