Mpeta mchele wa Ubaruku na taya la bintiye

Saa moja asubuhi, Lusia Mwasongwe (39) ameshaketi kwenye turubai nje ya mashine ya kukoboa mpunga Ubaruku, wilayani Mbarali, ungo mkononi. Wenzake wanapeta huku wakijitupia punje mbichi mdomoni, kama walivyozoea kina mama wa hapa. Yeye hatafuni kitu.

"Nimeacha tangu Machi," anasema bila kuinua macho. "Hata nikisikia mtu anatafuna, moyo unaniuma."

Kilichomfikisha hapo ni wivu, naye hafichi.

Hatua tatu kutoka kwake anapeta Evarista, jirani anayetenganishwa naye na ukuta mmoja. Goodness, binti wa Evarista, anasoma kidato cha pili darasa moja na Faustina wa Lusia. Goodness huwa wa kwanza. Faustina akijitahidi sana ni wa tisa.

"Matokeo yakitoka, mwenzangu wala haringi. Hapo ndiyo nilikuwa naumia zaidi. Angeringa, si ningemsema?"

Basi akaanza kumwamsha bintiye saa kumi alfajiri asome. Mtoto akisinzia, anamwekea kibakuli cha mchele mbichi autafune usingizi ukate. Ikaenda hivyo miezi mitano. Faustina akalalamika kichwa kinauma, na taya linalia kila akipiga mwayo. Mama akasema huo ni uvivu tu.

Machi taya likagoma. Mdomo ukawa unapitisha kijiko kwa shida.

Hospitalini Mbeya, daktari wa meno aliuliza kama mtoto aliwahi kuanguka akagonga kidevu, kama husaga meno usingizini, kama hutafuna vitu vigumu. Akaeleza kuwa kiungo cha taya huwasumbua zaidi wasichana wa umri huo, na kwamba mtoto mwenye hofu hukaza meno bila kujijua. Kisha akamuuliza Faustina anaogopa nini.

"Kila nikipumzika, mama ananiuliza Goodness anafanya nini saa hizi," alijibu Faustina.

Lusia anasema alitamani ardhi ipasuke.

Siku hizi Faustina anakula vyakula laini, anakandwa shavu kwa maji ya moto na kulala mpaka kumekucha. Daktari anataka mdomo ufunguke kiasi cha kuingiza vidole vitatu vilivyopangwa wima. Sasa unaingiza viwili. Nauli ya Mbeya kila mwezi inatoka kwenye ujira wa Sh7,000 kwa siku, na siku isiyo na mpunga ni mikono mitupu.

Ila wivu haujamtoka. Jioni Faustina huenda kusoma kwa Evarista, na huko ndiko anakomaliza bakuli la uji. Juzi Lusia akiwa jikoni alisikia kicheko upande wa pili wa ukuta. Alisikiliza mpaka akawa na hakika ni mwanawe.

"Nilifurahi, halafu wivu ukanishika tena," anasema. "Sitaki tena awe wa kwanza. Nataka acheke vile akiwa kwangu."