Nyota Kifuani kwa Baba Mdogo

Nikisugua nishani ninazokusanya, za kijeshi za Serbia na Yugoslavia, hapa chumbani Chang'ombe, harufu ya dawa ya kung'arishia shaba hunirudishia sherehe moja ya mavuno kijijini Gulwe. Baba mdogo alikuja kifua mbele, ananuka dawa hii hii, amevaa nishani yenye nyota nyekundu. Mhandisi Myugoslavia ndiye aliyemwachia nishani hiyo babu, aliyechimba naye kisima. Baba mdogo aliichukua tu sandukuni, bila haya.

Kata ya kwanza ya pombe ilikuwa ya babu. Baba mdogo aliidaka mkononi mwa bibi.

“Mimi nimepigana vita!”

“Ulipigana na nani, mwanangu? Na kuku?” bibi akamuuliza.

Watu walicheka, lakini kata hakuirudisha. Alikunywa, povu likimdondokea kwenye nyota. Babu alitazama chini, midomo imemkauka.

Sasa nishani ile ninayo, nami nimeitafiti. Katika mkusanyiko wangu ni hiyo peke yake isiyo ya vita. Nishani kama hiyo walipewa wafanyakazi hodari, na bwege yule hata sururu hakuwahi kuishika.